Nyumba ya Kimamba imeniitikia marahaba

Leo nimeiamkia nyumba mbele za watu, na sioni aibu.

Nilikwenda Kimamba kuona chumba alichozaliwa mama, kwenye nyumba za zamani za vibarua wa mkonge. Hapa Mikumi mlinicheka: "Kimamba kuna nini? Mji umelala ule!"

Nikaenda hivyo hivyo.

Saa nne nikafika. Ni kimya kweli, sikatai. Nikaiona nyumba, nikatoa simu, nikapiga picha tatu.

Hapo ndipo nilipoharibu.

Mlangoni alikaa bibi mmoja akipukuchua mahindi.

"Shikamoo, bibi."

Kimya. Nikarudia. Kimya.

"Umeanza na nyumba," akasema bila kuinua macho. "Basi iamkie hiyo hiyo nyumba."

Majirani wakaangua kicheko. Hata dereva wa bodaboda aliyenileta, msaliti yule!

Ningeweza kuondoka. Lakini chumba cha mama kilikuwa hatua tano tu kutoka pale.

Nikavua kofia, nikapaza sauti: "Shikamoo, nyumba!"

Bibi akaitikia kwa sauti nzito: "Marahaba! Wewe mtoto wa nani?"

Nikalitaja jina la mama. Mikono yake ikaacha mahindi.

"Kumbe umekuja kwenu. Ingia."

Nimeingia. Nimeushika ukuta. Zile picha tatu nimezifuta, na kila kitu nimekiandika kwenye daftari langu.

Sasa nyie mliouliza Kimamba kuna nini: kuna kwetu.

Jumamosi narudi na mama, na tutaanza na salamu. Anayetaka kucheka, acheke hapa chini.