Msaliti Asiyeoshwa

Mwaka jana mwalimu wa chekechea alimuuliza mwanangu jina lake mbele ya wenzake, naye akajibu, "Msaliti." Alikuwa na miaka mitatu. Hakulia wala hakuona haya, alijibu kama mtoto anayejua jibu. Watoto wenzake walicheka, mwalimu naye akacheka, na jioni nilipokwenda kumchukua akanisimulia kama kichekesho. "Mama, binti yako ni kituko!" Mimi sikuona kituko. Nilimbeba mgongoni mpaka nyumbani.

Nitaeleza jina hilo lilikotoka, maana wapo wanaolieleza kwa niaba yangu na wanalieleza vibaya.

Kigango chetu kiko pembeni mwa Dodoma, njia ya kwenda Hombolo. Kila Ijumaa Kuu vijana huigiza Mateso ya Bwana barabarani, kuanzia shule ya msingi hadi uwanja wa kanisa. Watu hutoka hata Chamwino kuja kutazama, na wengine hata si Wakristo. Na wanayemsubiri hasa, tusidanganyane, si Bwana. Wanamsubiri Msaliti. Kwetu hatajwi kwa jina lake, anaitwa hivyo tu. Akishambusu Bwana anatimua mbio, na kila mtazamaji ana ruhusa ya kumkimbiza na kumtupia maganda ya miwa, magunzi ya mahindi na zabibu zilizooza. Watoto huweka akiba ya magunzi wiki nzima. Kuanzia hapo yule mtu jina lake ni Msaliti. Akienda dukani, Msaliti. Akitoa mkono kusalimia, haupokelewi, watu wanacheka.

Halafu Jumatatu ya Pasaka, ibada ikiisha, anasimamishwa katikati ya uwanja. Katekista anammwagia ndoo ya maji kichwani na kuwauliza watu, "Huyu ni nani?" Uwanja mzima unaitikia jina lake la ubatizo kwa kelele, mara anauliza tena, wanaitikia tena, mpaka sauti zinakauka. Anapewa soda, anakumbatiwa, anarudi kuwa mtu. Ndiyo kuoshwa kwenyewe. Asiyeoshwa, jina halimtoki. Hivyo ndivyo tulivyolelewa na hivyo ndivyo tunavyoamini, hata kama hakuna anayekubali kusema anaamini.

Mwaka huo wa jana wanaume waliadimika. Mji unajengwa, vijana wote wako kwenye zege na matofali, mazoezini tulikuwa wasichana watupu na wanaume wachache, ambao tayari walikuwa na sehemu zao. Msaliti wa mwaka uliopita, fundi ujenzi, alisema yeye zamu yake imepita. Basi katekista akasema tupige kura, kama wale mitume walivyopiga kura. Vikaratasi vikaingia kwenye kofia yake, vya wanawake pia, maana bila hivyo kofia ingekuwa tupu. Kikatoka changu.

Nilifurahi. Mnataka niseme nilisikitika? Tangu nimalize kidato cha nne nilikuwa nikiigiza wanawake wa Yerusalemu, kazi yetu kulia tu, tunajifunga kanga vichwani na kulia kuanzia shuleni mpaka kanisani. Leo nimepata sehemu ya kusema. Nikajishonea kanzu mwenyewe, mimi ni fundi cherehani, nina mashine yangu kwenye baraza ya duka la vitambaa mjini. Nikafanya mazoezi ya ile mbio huku mwanangu akinishangilia mlangoni.

Maneno yakaanza siku ileile. Kwenye kundi la simu la jumuiya mzee mmoja aliandika, "Mitume walikuwa wanaume. Mnaharibu mchezo." Mwingine akaandika, "Msaliti mwenye matiti, haya ni ya wapi?" Vikafuata vile vikatuni vya kucheka machozi. Msichana mmoja wa kwaya alinitetea: "Bwana wetu mwaka huu ni fundi bomba wa Chamwino, mbona hilo hamlipingi?" Wakamwambia anyamaze, watoto wasiingilie mambo ya wakubwa.

Jumamosi kwenye sala za jumuiya jirani yangu akalisema uso kwa uso. Huyu ndiye tunayechota naye maji bombani, tunashikiana foleni. Alisema, "Mwenzangu, kwa nini usikatae? Mwanaume akiigiza ubaya, unajua anaigiza."

"Na mimi?"

"Aa, wewe." Akacheka, akawatazama wengine. "Wewe una mtoto hana baba, watu watasema huna haja ya mazoezi."

Wote wakacheka. Hata mimi nilicheka. Lile cheko bado linanikera kuliko maneno yake.

Yule fundi ujenzi peke yake ndiye aliyenipa neno la maana. Alinisogelea Ijumaa asubuhi akaninong'oneza, "Dada, ukimbilie upande wa kushoto. Kule wanakaa watoto, hawana nguvu. Na ucheke ukikimbia. Ukicheka nao watacheka."

Niliigiza vizuri. Sisemi kwa majivuno, waliokuwepo wanajua. Nilipomsogelea yule fundi bomba kumbusu, uwanja mzima ulikaa kimya, zikasikika bendera za kanisa zikipigwa na upepo. Nikambusu shavuni, nikageuka, nikakimbia kushoto, nikicheka kama nilivyoelekezwa.

Hawakucheka. Magunzi yalikuja, sawa, magunzi nayajua. Lakini yakaja na matope, maana mvua ilikuwa imenyesha, na matope yale walirusha watu wazima. Mwaka uliotangulia walimwita yule fundi "Msaliti! Msaliti!" na kuishia hapo. Mimi niliitwa malaya. Mwanaume mmoja nisiyemjua alipaza sauti, "Ndiyo maana alikukimbia!" Sijui nani alimwambia kuhusu baba wa mwanangu. Jirani yangu wa bombani alikuwa mstari wa mbele, ana bonge la tope mkononi, na alilenga. Lilinipata shingoni. Kanzu ililowa ikanigandia mwilini tangu kifuani mpaka magotini, na mtu akaipiga picha, na picha ikaenda. Kwenye kundi la jumuiya waliiweka na maneno, "Huyu haigizi."

Sasa fikiri. Kabla ya mchezo walisema mwanamke hawezi kuwa Msaliti. Baada ya mchezo wakasema hakuna anayefaa kuliko mwanamke. Na wote hawa ni walewale.

Nilivumilia. Nilijiambia ni siku chache, Jumatatu nitaoshwa. Jumapili ya Pasaka nilikaa benchi la nyuma na mwanangu, hakuna aliyetupa mkono wa amani, na mwanangu aliunyoosha mkono wake ukabaki hewani. Nikamwambia, "Subiri kesho, mama."

Jumatatu ibada iliisha, watu wakatoka, wakajipanga kuzunguka uwanja kama kawaida. Nikasimama katikati. Ndoo haikuwepo. Katekista alinijia akiwa ameinamisha kichwa, mtu mpole yule, siwezi kusema ana roho mbaya, na huo ndio ubaya wake.

"Mwanangu, wazee wamekaa," akasema. "Wameona haifai."

"Nini haifai?"

"Kukumwagia maji hadharani. Wewe ni mwanamke. Nguo zitakushika mwili, watu wazima wapo hapa, watoto wapo."

"Ijumaa zilinishika mwili mbele ya watoto haohao."

"Ijumaa ulikuwa mchezo."

"Na leo?"

Alisema watakuja kuniosha nyumbani, wazee wawili watatu, kwa heshima. Halafu akawageukia watu na kutangaza kwamba soda zipo upande wa jikoni. Uwanja ukavunjika. Fundi bomba, Bwana wetu, alipewa soda ya kwanza.

Nyumbani hawakuja. Nilisubiri wiki hiyo, nikafagia uwanja, nikaweka viti vya kuazima. Nilimfuata padri alipokuja kigangoni, akaniambia kwa upole kwamba desturi hiyo si ya Kanisa, ni yetu wenyewe tuliojitungia, kwa hiyo nisiitie moyoni. Asante padri, nikaondoka. Iwe ya Kanisa au isiwe, jina lilikuwa juu yangu mimi, si juu ya Kanisa.

Likakaa. Vijana wa bodaboda kwenye kona yetu nikiwapita wanauliza, "Msaliti, twende?" Bombani ndoo yangu ilianza kusogezwa nyuma kwenye foleni. Wateja wa sare za shule wakapungua, wengine wakaja wakiuliza kwa kejeli kama suruali wakiniachia wataikuta. Mpaka Mhindi mwenye duka akaniita ndani. Si mtu wa maneno mengi, na mambo ya kanisani hayajui.

"Fundi, watu wanasema wewe msaliti. Umemsaliti nani?"

"Ni mchezo wa kanisani, baba. Wa Pasaka."

Akahesabu miezi kichwani. "Pasaka imepita siku nyingi. Mchezo umeisha au haujaisha?"

Nikarudi kwenye mashine.

Hayo yote ningeyameza. Mimi ni mtu mzima, nimemeza mengi. Lakini watoto wa mtaani walipochoka kunifuata mimi wakaanza kumwita mwanangu Msaliti Mdogo, na baadaye wakaona jina ni refu wakaacha "mdogo". Walimwita kwa kumbembeleza, wakimpa magunzi achezee. Akalipenda. Watoto wakubwa walikuwa wanamwita wacheze, angekosaje kulipenda? Nikisikia nilikuwa nawafukuza, nikidhani mwenyewe halimgusi. Mpaka siku ile ya chekechea.

Jumapili iliyofuata nilikwenda kanisani na ndoo.

Niliijaza maji bombani palepale kanisani nikaiacha mlangoni. Ibada ilipoisha niliwahi kutoka, nikaibeba, nikasimama nayo katikati ya uwanja, mwanangu nimemweka kando kwenye kivuli cha ukuta. Watu walipotoka waliiona ndoo wakaelewa. Wakasimama.

Katekista akasema, "Mwanangu, usifanye hivyo."

"Basi nifanyie wewe."

Alibaki na mikono yake imening'inia. Nikainua ndoo nikajimwagia mwenyewe, kichwa hadi miguu, gauni langu la Jumapili lote. Lilinishika mwili, ndiyo. Lilinishika kila mahali. Wazee wakatazama chini. Wanawake wengine wakavuta watoto wao. Nikawauliza kwa sauti, nilivyomsikia katekista akiuliza tangu nikiwa mdogo:

"Huyu ni nani?"

Kimya.

Kati yao walikuwepo walionisimamia ubatizo. Walikuwepo niliosoma nao darasa moja tangu la kwanza. Jirani yangu alikuwepo, jina langu analijua, tumeazimana chumvi. Nilimtazama yule fundi ujenzi, kwa sababu yeye alikwisha kuoshwa, anajua inavyokuwa watu wakikurudishia jina lako. Alifungua mdomo. Nawaapia aliufungua. Halafu akatazama pembeni, akaona wenzake wanamtazama, akaufunga, akajikuna shingo.

"Huyu ni nani?" nikauliza tena. Maji yalikuwa yananiingia machoni.

Ndipo mwanangu pale ukutani, akiona swali limekosa mtu wa kulijibu, akainua mkono kama walivyofundishwa chekechea, na kwa furaha yote aliyonayo akajibu:

"Msaliti!"

Mtu akacheka. Mmoja tu, nyuma, halafu akakohoa kulifunika cheko lake. Nikaokota ndoo, nikamshika mwanangu mkono, tukaondoka. Hakuna aliyetufuata. Sijarudi kigango kile, nasali kwingine, mbali, ambako wananijua kwa jina la mashine yangu: Mama Cherehani. Nasikia mwaka huu wamepata mwanaume, na wazee wamepitisha kwamba wanawake warudi kulia. Walituma mtu aniulize kama ninaweza kumshonea kanzu. Nilimwambia yule mtu akawaambie washone wenyewe, na neno jingine nililoongeza sitaliandika.

Lakini siku ile njiani, gauni likinikaukia mwilini kwa jua, nilimsimamisha mwanangu nikachuchumaa mbele yake.

"Wewe unaitwa nani?"

"Msaliti."

"Hapana." Nikamwambia jina lake. Jina nililompa mimi, siku aliyozaliwa, peke yangu, kwa kuwa hakuwepo mwingine wa kushauriana naye. "Sema."

Akasema. Tukatembea. Nikamuuliza tena, akasema tena, akaanza kuliimba akirukaruka. Kisha akaniuliza, "Na wewe?"

Nikamwambia na langu. Alikuwa hajawahi kulisikia, kwake mimi nilikuwa mama tu, au lile jingine. Akalijaribu mdomoni, likamshinda katikati, akalirudia. Tukaenda hivyo, la kwake na la kwangu, la kwake na la kwangu, mpaka tukaikaribia kona wanaposimama vijana wa bodaboda. Hapo akanyamaza mwenyewe. Sikumwambia. Aliwaona tu, akanishika gauni, akateremsha sauti mpaka ikawa pumzi. Miaka mitatu, na tayari amejua ni wapi pa kunyamaza.

Nikamwinua nikamweka begani, pale wanapoweza kumwona wote.

"Sema kwa nguvu," nikamwambia.