Jeton ya Mama Jumaine

Mutu asikudanganye kwamba Orpa Kavuo alikuwa mjinga. Aliendesha shamba lake la maharagi kule Vuhovi peke yake, mume akiwa amekwisha kufa, na hakuna mnunuzi wa Butembo aliyewahi kumchezea akili. Lakini jambo la jeton lilimvuruga kabisa, na mimi ninayesimulia nimelizungusha kichwani miaka mingi, sijui bado ningefanya nini mahali pake.

Mwanawe, Muyisa, alichukuliwa na wenye bunduki njiani akitoka masomoni. Makadogo, ndivyo tulivyowaita watoto waliobebeshwa silaha, na kila kundi lilikuwa na watoto wake. Miaka ikapita bila habari. Halafu, wakati wakubwa walipoanza kusema vita imekwisha (imekwisha wapi, jamani?), ikafunguliwa bureau, ofisi ya watoto waliopotea, Butembo mjini, yenye ordinateur, ile kompyuta, iliyokuwa inaongea na ile ya Beni kwa antena kubwa juu ya nyumba.

Bureau ile haikutaka majina. Wenye bunduki walikuwa wanapita kuulizia watoto waliowatoroka, kwa hiyo jina halikutamkwa wala halikuonekana kwenye kioo cha mashini. Mzazi akiandikishwa anapewa jeton, kipande cha plastiki chenye namba, na mambo yote ya mtoto wake yanafungwa ndani ya namba ile. Ananie, kijana wa mashini, aliwaeleza wamama vizuri kabisa.

"Mashini haiangalie sura ya mutu. Inaangalia jeton. Mwenye kushika jeton ndiye iko na ruhusa ya kujua habari ya ule mutoto, na ya kumuchukua akipatikana. Hata mimi, bila jeton, hainifungulie kitu."

Wamama wakaitikia ndiyo, ndiyo. Aka! Nenda ukamwambie mutu wa Butembo neno jeton uone. Sisi jeton tunaijua ya hospitali: unafika asubuhi, unapewa, unangoja zamu yako. Na adabu yetu ni moja tu: akija mwenzako na mtoto mwenye homa, unampa jeton yako yenye namba ndogo, wewe unabaki na yake kubwa. Asiyefanya hivyo tunamsema mpaka anazikwa.

Kwenye benchi la nje watu waliingia kwa kufuata namba zao, na majina yalitajwa kwa sauti, bureau itake isitake. Hapo ndipo Orpa alipojuana na Zawadi wa mtaa wa Mususa, mke wa Hamisi mwenye lori, Mwislamu mcheshi aliyekuwa anamtafuta Jumaine wake. Siku moja Zawadi alifika na kitoto mgongoni, kinachemka homa, hata kulia hakiwezi.

"Mama Jumaine, kamata yangu, uingie mbele," Orpa akamwambia. "Namba yangu ni ya kidogo."

"Mungu akubariki, Mama Muyisa."

Wakabadilishana pale pale, wala hakuna aliyefikiri mara mbili.

Zawadi akaingia. Alipotoka alikuwa analia, kitenge mdomoni, akashika barabara mbio bila kuaga. Orpa aliinuka amfuate, lakini Ananie akamwita ndani. Kijana aliingiza namba, akangoja, na uso wake uliokuwa umekunjamana ukafunguka.

"Mama, mutoto wako iko muzima! Iko Beni, ku centre ya batoto. Wende na jeton, batakupatia ye."

Orpa alipiga vigelegele mpaka mlinzi akaja mbio akidhani kuna mwizi. Alimkumbatia Ananie huku analia na kucheka, akamkumbatia na mlinzi, akataka kushukuru hata mashini. Kesho yake alikuwa Beni, amevaa kitenge cha Misa.

Mama wa centre alikuwa mtu wa kazi, hana maneno mengi. Akaingiza jeton, mashini ikakubali, akamwita kijana.

Akaja mrefu, mabega yamepanda, anatazama chini. Orpa alifungua mikono, na mikono ikabaki hewani. Alijiambia vita inabadilisha mtoto. Alijiambia Muyisa amekula vibaya, amelala vibaya, sura lazima igeuke. Akamsalimia kwa Kinande, lugha ya kwao. Kijana akamwangalia kama unavyomwangalia mgeni anayeuliza njia.

"Mama, sisikie ile luga," akasema. "Miye Jumaine."

Orpa akaketi.

"Huyu hapana wangu," akasema.

"Mama, mashini imekubali," mama wa centre akajibu. "Jeton ni ya huyu mutoto."

"Jeton ndiyo. Mimi hapana."

Na hapo ndipo mambo yalipomgonga: benchi, kitoto chenye homa, namba ndogo. Jeton yake mwenyewe ilikuwa imemwambia nini Zawadi?

"Basi uniangalilie mwingine," akaomba. "Jina yake Muyisa, wa Vuhovi."

"Jeton yake iko wapi?"

"Iko na mwingine."

"Mama, bila jeton hata mimi sina ruhusa. Haitafunguka." Mama wa centre akamkazia macho. "Mulibadilishana jeton? Kama ni vile, ninaifunga hii, ninaandikia Butembo, banaanza uchunguzi. Huyu atangoja. Na centre hii tunaihamisha juma hili, basoda benye bunduki bamekwisha kujua fasi yetu. Tunapeleka batoto mbali, sijue ni wapi."

Orpa akamtazama Jumaine. Kijana alikuwa amesikia yote, na alikuwa amesimama wima kama askari anayengoja kupigwa. Akimwacha, Zawadi atamkosa tena, labda moja kwa moja. Akimchukua, anaiba mtoto wa mwenzake kwa ruhusa ya mashini. Fikiri wewe. Mashini inasema ni wako, moyo unasema si wako, na ukisema kweli mtoto anapotea.

"Ni wangu," Orpa akasema. "Macho tu yalinidanganya. Ni wangu."

Akaiacha jeton mezani, maana ndivyo ilivyotakiwa: mambo ya mtoto yakiisha, kwa heri au kwa shari, jeton inabaki bureau. Akamshika kijana mkono, wakatoka.

Kwenye camion ya mizigo ya kurudi Butembo walikaa juu ya magunia. Karibu na Kabasha palikuwa na barrière, kizuizi cha barabarani, basi Orpa akamfunika Jumaine kichwa kwa kitenge chake cha Misa na kumwambia soda, askari wa pale, kwamba mwanawe ana malaria. Soda akapisha. Aliposema "mwanangu" ulimi ulimwuma, na akashangaa kwamba hata hivyo alikuwa na furaha kidogo kulisema.

Kutoka pale mpaka Maboya kichwa chake hakikutulia. Zawadi alilia. Lakini mbona watu wanalia na furaha? Yeye mwenyewe alilia kwa Ananie huku anacheka. Labda Zawadi alikimbia ili awahi lori la mume wake, aende kumchukua mtoto. Labda sasa hivi yuko mahali fulani na Muyisa mbele yake, anashangaa vilevile, anamshika mkono vilevile. Ndiyo! Labda wanapishana barabarani! Akaanza kuangalia kila gari linalokuja, hata Jumaine akamwuliza anatafuta nani.

"Mutoto wangu," akajibu.

Halafu akakumbuka jeton. Mambo yakiisha, inabaki bureau. Kama Zawadi alitoka nayo, basi ameambiwa aende kuchukua mtoto. Kama alitoka mikono mitupu... Alijikaza kuona. Mkono mmoja ulishika kitenge mdomoni. Na ule mwingine? Ulikuwa nyuma, umeshikilia kitoto. Ulikuwa umefumba ngumi au ulikuwa wazi? Aliona ngumi, kisha akaona kiganja, kisha tena ngumi. Eh Mungu, mutu anaweza kuangalia kitu kwa macho yake yote mawili na asikione!

Walifika Mususa jua likiwa bado kali. Jumaine alikuwa ndiye anaongoza sasa, anatembea haraka, anakumbuka kila kona. Walipokata ya mwisho, Orpa akaona bâche ya turubai imetandwa mbele ya nyumba ya Hamisi, wanaume wenye kofia kwenye mabenchi, wanawake kwenye mikeka, na sufuria kubwa ya matanga inachemka.

Hakusogea tena. Jumaine yeye alikimbia.

Sitaweza kukueleza kelele iliyopigwa pale. Kuna mzee aliyeanguka na benchi lake. Kuna waliokimbia wakidhani ni mzimu. Zawadi alimrukia kijana wake, akamshika masikio, pua, vidole, akamnusa shingo, akapiga kelele ya jina lake mpaka sauti ikakauka. Hamisi alikuwa amepiga magoti kwenye vumbi anamshukuru Mwenyezi Mungu. Wanawake wakaanza kuimba, mutu akageuza sufuria ile ile ya matanga kuwa ya karamu, na vijana wawili wakapanda kufungua kamba za bâche.

Katikati ya furaha ile Zawadi akainua kichwa, akamwona Orpa amesimama kule barabarani. Akamwendea, Jumaine bado mkononi, anacheka, anataka kumkumbatia. Katikati ya njia kicheko kikamwishia.

"Mama Muyisa," akasema polepole. "Basi mimi nilikuwa nalilia mutoto wa nani?"

Orpa alipita kando yake, akapita kando ya sufuria na ya wanawake walionyamaza mmoja baada ya mwingine, mpaka chini ya bâche. Akavua viatu. Akawatazama wale vijana wawili wenye kamba.

"Muiache," akawaambia. "Hapana kuifungua bado."

Akakaa kwenye mkeka. Zawadi akamwachia Jumaine mkono, akaja kukaa naye.