Picha ya Babu Chini ya Kibao cha Fundi Saa

"Bibi, mbona hukuwahi kumchora Babu?"

Mjukuu aliuliza hivyo akiwa darasa la pili, amelala chali sakafuni kwa Bibi, anahesabu picha za ukutani. Alikuwapo fundi cherehani na pini zake mdomoni, muuza maziwa na baiskeli, shangazi akiwa mtoto amenuna. Hata paka wa jirani alipewa picha mbili. Babu, aliyeishi chumba hicho miaka thelathini na tisa, hakuwamo.

"Babu yako alikuwa hatulii," Bibi akajibu, akamtuma akalete tapentaini, nayo ilikuwa palepale miguuni pake.

Ukweli ni kwamba Babu alijua mno kutulia, na hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Walioana miaka ile magazeti yalipopangwa kwa herufi za risasi, moja moja, kwa mkono. Babu alikuwa msahihishaji wa chapa gazetini. Walimwita Bwana Mkato, maana aliweza kusimamisha mtambo mzima kwa ajili ya mkato mmoja uliopotea. Lakini kila Jumamosi gazeti hilohilo lilitoa sehemu ya hadithi yake, nusu ukurasa, chini ya matangazo ya vifo, na nusu ukurasa ule ndio uliomfanya atembee kifua mbele. Bibi alichora vibao vya maduka, na mtaa ukamwita Bi Rangi. Chumba kilikuwa kimoja, meza moja. Alfajiri meza ni ya Babu, akishaenda kazini ni ya Bibi. Kurasa za Babu zilifika kwa mhariri zikiwa na madoa ya kijani, naye Bibi alikuta vifutio vimezama kwenye makopo ya rangi.

Mwaka wa tatu wa ndoa, Bibi akamwibia sura. Babu akiwa anaandika, yeye alikaa ukingoni mwa kitanda na ubao wa kibao magotini, akamchora siku nne bila mwenyewe kujua. Kiganja cha kushoto shavuni, macho dirishani, kalamu imesimama hewani.

Babu alipoonyeshwa aliusogeza ubao dirishani penye mwanga. "Kumbe ndivyo nilivyo," akasema. Akaitundika mwenyewe, mbele ya meza.

Tangu siku hiyo hakuandika tena.

Alikaa vilevile kila alfajiri, lakini karatasi ilibaki nyeupe. Jumamosi ya kwanza gazeti likasema mwandishi anaumwa. Ya pili likasema amesafiri. Wiki ya tatu mhariri akaja mwenyewe, akakataa hata kiti.

"Shemeji, huyu mumeo nimemlaza hospitali, nimempandisha treni, sasa sina pa kumpeleka. Nisipopata kurasa Alhamisi, nafasi yake namkabidhi yule anayeandika utabiri wa nyota."

"Wa nyota hajui hata pa kuweka nukta," Babu akasema.

"Lakini analeta kwa wakati."

Babu akacheka, ila chai hakuimaliza. Mhariri alipoondoka akamwambia mkewe kwa sauti ndogo, "Nimekauka. Labda maneno yangu yalikuwa machache tu, yakaisha."

Kesho yake Bibi alijifanya amelala, akamchungulia kwa jicho moja. Babu akaketi. Akainua macho kwenye picha, akashusha kiwiko kidogo. Akaangalia tena, akageuza kidevu. Akainua kalamu hewani, akaiacha hapo, kama mtu anayepigwa picha ya pasipoti. Bibi akaelewa. Mume wake hakuwa anatafuta maneno. Alikuwa anatafuta kufanana na picha.

Babu alipotoka kwenda kazini, Bibi aliutungua ule ubao. Fundi saa wa mtaa wa pili alikuwa amengoja kibao chake hadi amechoka kuuliza. Bibi akakoroga rangi nyeupe, akaanzia pembeni, akazunguka taratibu, akapita dirisha, akapita kalamu. Shavu akaliacha la mwisho. Ilipofika saa tisa, palikuwa na saa kubwa nyekundu na maneno *Tunatengeneza Ukingoja*.

Jioni Babu alisimama mlangoni, kofia mkononi.

"Niko wapi?"

"Chini ya saa."

"Umenifuta bila kuniuliza."

"Ningekuuliza ungekataa."

"Ningekataa, ndiyo. Maisha yangu yote nilipendeza mara moja, na ilikuwa pale."

Bibi akageukia jiko. Akapakua chakula, kikapoa.

Alfajiri Babu aligeuza kiti, akampa Bibi mgongo, akaandika. Aliandika kwa hasira kurasa kumi na moja, kalamu ikatoboa karatasi, na humo akaingia mwanamke mpya: mchora vibao mwenye roho ngumu, anayefuta watu wakiwa bado hai. Zilifika kwa mhariri Jumatano. Wasomaji wakampenda yule mwanamke kuliko shujaa. Pale bombani wanawake wakamzunguka Bibi na ndoo zao.

"Bi Rangi, tunasikia unafuta watu. Na wangu nimlete?"

"Mlete, ila rangi uje nayo. Wako ni mpana."

Hadithi ilikwenda miaka sita. Yule mwanamke hakutolewa, na kila Jumamosi Babu alimpunguzia ukali kidogo, mpaka mwishoni wasomaji walikuwa wanalalamika amekuwa mpole mno.

Babu ameshafariki. Mwezi uliopita mikono ya Bibi ilianza kutetemeka, ikaamuliwa ahamie kwa shangazi. Mjukuu, sasa kidato cha tatu, alikuwa anatungua picha na kuzifunga kwa magazeti. Bibi alikaa anatazama ukuta mtupu.

"Kuna swali uliniuliza ukiwa mdogo, nikakutuma tapentaini," akasema.

"La Babu?"

"La Babu yako. Nilimchora mara moja, ikatoka vizuri mno. Kuifuta kulinikaa kifuani mwaka mzima, mchana nataniana na wenzangu bombani, nikirudi ndani nalia. Nikajua nikimchora tena, safari hiyo sitaweza kumfuta."