Neno Nililomwambia Mama wa Vudee

Nilipofika mwaka wa tatu wa sheria, chuo kilitutawanya mikoani kwa mafunzo ya vitendo, yale ambayo wanafunzi tunayaita fildi. Wenzangu waliomba Dar es Salaam na Dodoma. Mimi niliomba Same kwa sababu shangazi yangu alikuwa anaishi pale, nikapangiwa baraza la ardhi, ofisi ya serikali inayosikiliza migogoro ya mashamba na viwanja.

Wiki mbili za kwanza nilishona mafaili. Nasema kweli, nilishona, kwa sindano nene na uzi. Karani wa masjala, dada mpole mwenye kikohozi kisichoisha, alinionyesha namna ya kutoboa karatasi bila kula maandishi. Upepo wa Same ulipoingia dirishani tulizilalia karatasi kwa viwiko mpaka upite.

Wiki ya tatu mwenyekiti wa baraza, mwanamume wa makamo asiyepaza sauti, alisimama mlangoni.

"Kesho tunapanda Vudee, kule milimani, kuona shamba lenye mgogoro," aliniambia. "Uje na viatu vya kutembelea, si hivyo."

Shauri lilikuwa la kaka na dada. Dada, mama wa miaka sitini hivi, alirudi nyumbani ndoa yake ilipovunjika, akalima kipande cha shamba la baba yao miaka mingi. Baba alipofariki, kaka akadai shamba lote ni lake. Asubuhi ile tuliuzunguka mpaka wa shamba tukifuata masale, ile mimea ya majani marefu ambayo huku hupandwa kutenganisha mashamba. Mimi nilishika ncha moja ya futi kamba, mzee wa baraza, mmoja wa washauri wa mwenyekiti, akashika nyingine. Mwenyekiti aliuliza maswali mafupi na kuandika kwa mkono. Ndugu wale wawili walijibu kwa adabu, ila hawakutazamana.

Kisha wengine wakashuka mferejini kuona mpaka wa chini. Nikabaki juu na yule mama, nikikunja futi kamba.

"Mwanangu, wewe ni wa wapi?"

"Baba yangu ni wa Shighatini, mama."

"Ugweno! Kumbe ni wetu."

Akaendelea kwa Chasu, lugha ya Wapare. Lakini Wagweno wana lugha yao, na hata hiyo mimi siijui vizuri, maana nililelewa Morogoro. Nikadaka neno hapa na pale. Aliliona hilo, akacheka, akarudi kwenye Kiswahili.

"Wewe umesoma sheria. Niambie tu, roho yangu itulie. Nitapata?"

Vidole vyake vilikuwa na udongo. Alikuwa ametoka kupalilia maharage. Na mimi somo la ardhi nililifaulu vizuri.

"Utashinda, mama," nikasema. "Usiwe na wasiwasi."

Akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akashukuru. Hapo ndipo nilipotambua nilichofanya. Nilikuwa mtu wa baraza, nimekuja na gari la baraza, na shahidi wa mwisho alikuwa bado hajasikilizwa. Nilitaka kulirudisha lile neno, lakini wenzetu walikuwa wameshaanza kupanda.

Tukaanza kuteremka. Nilihesabu kona nne, nikashindwa kuvumilia.

"Mheshimiwa, nimekosea," nikasema, nikamweleza yote.

Dereva alipunguza mwendo bila kuambiwa.

"Ulitumia maneno gani hasa?" mwenyekiti akauliza. Nikayarudia, naye akayaandika. Tulipoikuta lami akanigeukia. "Kaka yake angeyasikia, angeamini nini?"

"Kwamba umeshaamua."

"Na sijaamua."

Siku ya kusikiliza shauri mwenyekiti aliyasoma maneno yangu mbele ya ndugu wote wawili, akaniambia nisimame. Nilimwomba radhi kaka, kisha dada. Nikasema nilizungumza jambo ambalo sikuwa na mamlaka nalo, wala sikulijua. Mwenyekiti akamuuliza kaka kama angependa shauri lisikilizwe na mwenyekiti mwingine. Kaka aliizungusha kofia yake mikononi.

"Wangetaka kuficha wangeficha," akasema. "Tuendelee."

Mama hakuniangalia. Baadaye nilimkuta nje, ukutani penye kivuli.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Ungesema hujui, ningekuelewa. Mimi si mtoto."

Nilikaa naye mpaka alipoitwa ndani.

Sikufukuzwa. Nilirudishwa masjala, nikashona mafaili mpaka siku yangu ya mwisho, na ripoti ya mwenyekiti kwa chuo ilitaja kosa langu na pia kwamba nililisema mwenyewe. Shangazi aliisoma, akanipakulia makande, tukala.

Uamuzi ulitolewa nikiwa nimesharudi chuoni. Karani alinipigia simu. Mama alibaki na sehemu ya juu, penye nyumba na maharage. Ya chini, kando ya mfereji, ikawa ya kaka. Hakuna aliyekata rufaa. Nikauliza kama mama alifurahi.

"Sijui, mdogo wangu," karani akasema huku akikohoa. "Nilimwona tu yeye na kaka yake wakipanda gari moja kurudi Vudee. Siku hiyo lilikuwepo moja tu."