Zero ya Tata

Juzi huko Kasulo niliona fundi wa simu akigusanisha nyaya mbili za kipimo cha umeme, nikamkumbuka tata, baba yangu. Nilipokuwa mtoto, sisi wenye asili ya Kasai tulikuwa tukifukuzwa jimboni, na lori la kututoa mtaani kwetu Kapata lilikataa kuwaka. Kipimo cha tata cha kutafutia ubovu nacho kilikuwa kimekufa. Akakifungua, akakwangua kutu ya kijani pale betri ilipovuja. Harufu kali ikanichoma pua. Alipogusanisha nyaya, mshale ukakimbilia zero. Nikalia. Shuleni zero ilileta fimbo.

“Mama, unalilia nini?” tata akaniuliza akicheka; ndivyo alivyoniita mimi binti yake. “Hapa zero iko muzuri. Kipimo kimepona!”

Akauona ubovu wa lori, akautengeneza, likanguruma, nikapiga makofi. Mama yangu hakupiga. Alikuwa akiitazama nyumba yetu.