Waya mfupi wenye sura mbaya uliookoa karakana yetu Msimbazi

Wakuu, habari za humu. Nimeona vijana wanabishana kwamba via, yale matundu yenye shaba ndani kwenye bodi ya umeme yenye matabaka mengi, ni tundu tu la kupitisha umeme. Nina kisa cha enzi za Ujamaa, nilikuwepo mwenyewe, sitii chumvi.

Nilikuwa nimetoka chuo, mbishi wa kila kitu, nikapangiwa karakana ndogo ya umma ya kutengeneza mitambo, Msimbazi, Dar.

Fundi mkuu alikuwa Mzee Ngonyani, mtu wa Songea. Kwake waya hupita pembezoni mwa bodi, umenyooka, umefungwa kwa uzi wenye nta. Ukikatiza katikati, anaung'oa bila kukuuliza.

Ikaja bodi ya kompyuta ya ofisi moja ya Posta. Spea hakuna, fedha za kigeni hakuna. Tukaambiwa wazi: isipopona, karakana inafungwa, sote tunahamishiwa mikoani. Mke wa Mzee ndiyo kwanza alikuwa amepata sehemu ya kukaanga samaki pale soko la Feri. Kuhama kungewarudisha sifuri.

Mzee akabadilisha chipu iliyoungua. Katika kuing'oa, shaba ya ndani ya tundu la mguu wake wa ground, ule wa kurudishia umeme, ikang'oka. Akauunganisha mguu ule kwa waya mzuri ajabu, uliozunguka ukingo wote wa bodi. Multimeter, kile kipimo cha umeme, ikasema safi.

Tukiiendesha polepole, inajibu sawa. Tukiipa kasi yake, inatema upuuzi.

"Chipu mbovu hii," akasema.

"Mzee, na kama ni waya wako?"

"Waya ni waya, ndugu mhandisi. Au chuoni mlifundishwa vingine?"

Nikamwambia multimeter inapima umeme uliotulia. Signal, yaani umeme wa ishara, inayogeuka haraka inataka njia fupi ya kurudi. Lile tundu lilikuwa linaifikisha kwenye tabaka la ground palepale, chini ya mguu. Sasa inazungushwa bodi nzima.

(Oscilloscope, mashine ya kuonyesha umeme unavyogeuka, hatukuwa nayo. Nilikuwa na hoja tu.)

"Yaani niende duka la jirani kwa kupitia Feri?"

"Ndiyo hivyo, Mzee."

"Haya, weka uchafu wako tuone."

Nikautoa waya wake. Nikaunga kipande kifupi kama ukucha, kutoka mguu ule hadi mguu wa kapasita ya jirani ambao bado ulikuwa umeshika tabaka la ground. Kimekaa upande, sura mbaya kabisa.

Tukaipa kasi kamili. Ikafanya kazi mchana kutwa bila kukosea.

Mzee akachukua uzi wake wa nta, akainama, akakifunga kile kipande fundo moja dogo.

"Mzee, hicho kinafungwa cha nini?"

"Hakitoki kwangu uchi."

Karakana ikabaki. Jioni tulikula samaki Feri, na mke wa Mzee akagoma kuchukua hela yangu.

Funzo nililobaki nalo: ukiona tundu kwenye bodi, usiulize tu kama umeme unapita. Uliza unarudi kwa njia gani, na ni ndefu kiasi gani.

Nani amewahi kupata bodi inayofaulu kila kipimo halafu inagoma kazini? Leteni visa. Wabishi mje mbele kabisa.