Chuchu ya Tano

Nilimwongezea ng'ombe wa mama chuchu ya tano. Si ng'ombe mwenyewe, huyo anapiga teke. Ni yule wa kwenye picha, ambaye dada yangu alimchora likizo nzima ndani ya stoo ya mahindi, huku Chepsaita. Asubuhi ya maonyesho dada alikuwa anaoga, brashi ilikuwa bado na rangi, na mimi nilikuwa na hoja ya kuthibitisha. Nilikuwa nimemwambia watu wa maonyesho hawaangalii picha, wanaangalia sambusa. Akasema sijui kitu. Basi nikachora kachuchu kamoja katikati ya zile nne, safi kabisa. Rangi ilipokauka nikaifunga picha kwa shuka na kumwambia nimemsaidia. Mtu mwenye akili angeshtuka hapo hapo.

Kwa dada siku hiyo haikuwa ya mchezo. Mama alikuwa amempa sharti: atakuja Eldoret mwenyewe aone watu wakiiangalia hiyo kazi, na wakicheka, Jumatatu dada anaanza kuuza dawa ya minyoo kwenye agroveti ya shangazi, Moi's Bridge. Mama hakuwa na ubaya. Hakuwa tu amewahi kuona mtu akila kwa kuchora.

Maonyesho yalikuwa juu ya duka la vitambaa. Mwenye duka, mzee Msomali mpole, aliwaachia wachoraji chumba, mradi wasipigilie misumari ovyo. Mmoja wao alikuwa mchoraji wa vitabu vya watoto, kwa hivyo fisi wake wote walikuwa wamevaa sweta. Mwingine alitundika turubai jekundu tupu, akasimama kando yake na huzuni. Dada aliipa picha yake mgongo kama mtu aliyekosana nayo, akawa anagawa chai.

Mwanzoni nilikuwa nashinda. Watu walipanda ngazi, wakachukua sambusa, wakapita. Halafu mwenye duka akawaelekeza juu wazee watatu waliokuja kununulia mabibi zao vitambaa, gambuti bado miguuni. Wakawapita fisi. Kwa lile turubai jekundu mmoja aliuliza kwa heshima kama litachorwa kitu baadaye. Walipofika kwa ng'ombe wakasimama, wakaanza kumkagua kama wako mnadani. Mgongo mzuri. Miguu ya nyuma sawa. Hilo sikio limekatwa na waya, si mbwa. Kisha mwenye miwani akainama na kuanza kuhesabu kwa kidole.

Dada akageuka, akaona. Akaniangalia. Nami nikaangalia dari, ambayo sasa naijua vizuri sana.

Watu walisogea na sambusa zao, mmoja akaanza kuchekea puani, na mlangoni ndio huyo mama, amevaa koti la kanisa. Nikaona hapa lazima mtu aseme kitu. Nikajitokeza na sauti ya mhadhiri, nikaeleza kwamba ile ya tano ni ishara ya matumaini.

"Matumaini yanakamuliwa?" mzee wa miwani akauliza.

Nikasema kwa sanaa, ndiyo.

"Kijana, hiyo ni ya ziada. Inaning'inia tu na zingine, maziwa haina. Tunaikatanga ndama akiwa mdogo." Akasogea karibu kabisa, nusura anuse rangi. "Na hapa kuna mikono ya watu wawili. Mwenye amechora ng'ombe amewahi kamua, ona hata hii ya kushoto ameiweka na uvimbe kidogo. Lakini mwenye ameweka hii ya katikati hajawahi shika ng'ombe maisha yake."

Aliyekuwa anacheka naye akainama kuona. Sasa watu walisukumana kuona uvimbe. Sambusa zikabaki na fisi peke yao. Mzee akauliza ng'ombe ni wa nani.

"Ni wangu," mama akasema kutoka nyuma.

Wakampisha. Akawaeleza jinsi ile ya kushoto ilivyomsumbua ng'ombe baada ya kuzaa, na dawa aliyotumia, nao wakambishia kuhusu dawa. Mzee wa pili akamvuta dada kando, akamuuliza kama anaweza kumchorea fahali wake kabla hajamuuza. Dada alijibu ndiyo huku akimwaga chai.

Kwetu wanaokamua ni wawili, mama na dada. Mimi saa ya kukamua huwa nina homuwaki, hata shule zikiwa zimefungwa. Kwa hivyo mama hakuhitaji uchunguzi. Tuliposhuka chini, katikati ya vitambaa, akanishika kola na kusema polepole:

"Shangazi yako nitampigia nimwambie msichana ana kazi. Na wewe, hapo hukuchora ng'ombe, ulijichora. Unaning'inia na wenzako, nyasi unakula hizo hizo, maziwa hakuna. Kesho alfajiri ndoo ni yako. Ukichelewa, umesikia mzee vile hizo hufanywa."